KONA YA FAMILIA: Kuruhusiwa Hospitali Sio Kumaliza Kupona

Sisi walimu wenu wa kujitolea hapa Gorom tuko salama, tunaendelea na kazi ya chaki kama kawaida. Tunawashukuru wale waliotusimamisha kwenye bomba la maji wakatuambia kwamba Kona hii huwa inasomwa kwa sauti jioni, ili hata bibi na babu wasikie. Endeleeni hivyo hivyo.

Mwezi huu tumeletewa jambo moja na familia zaidi ya moja, ndo maana tumeona tuliandikie. Jambo lenyewe ni hili. Mtu ameugua, amepelekwa Juba mjini akiwa mahututi, watu wamelia, wameomba, kisha Mungu amesaidia, mtu amerudi nyumbani. Siku ya kwanza ni furaha, majirani wanakuja na chai na sukari. Lakini mwezi ukipita, maneno yanaanza. Mbona hafanyi kazi? Mbona amekuwa mkali? Mbona anasahau hata jina la mtoto wa jirani? Si alishapona huyu? Wengine wanasema ni uvivu, wengine wanasema amerogwa. Na kuna nyumba ambazo zimeanza kuvunjika kwa ajili ya maneno hayo.

Tunachotaka kusema leo ni kifupi: kuruhusiwa hospitali ni kitu kimoja, kupona ni kitu kingine. Mtu aliyefika karibu na kifo anaweza kuchukua miezi, hata miaka, kabla ya kurudia hali yake. Huo sio uvivu na sio uchawi. Ni jambo ambalo madaktari wanalijua na wamelipima. Na sehemu kubwa ya dawa yake iko nyumbani, mikononi mwetu sisi familia.

Mahututi maana yake nini?

Chumba cha wagonjwa mahututi, kile watu wanaita ICU, ni chumba cha wale ambao pumzi yao, moyo wao au figo zao zimeshindwa kufanya kazi bila kusaidiwa. Chumba cha namna hii kina historia ambayo sisi walimu tunaipenda. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipigwa na polio kali, watu wakawa wanashindwa kupumua. Daktari mmoja, Bjørn Ibsen, akashauri koo litobolewe, mpira upitishwe, na hewa isukumwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari kama 1,500 walipokezana usiku na mchana, kila mmoja amekaa karibu na mgonjwa wake anaminya mfuko wa hewa. Vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen akafungua chumba maalum cha wagonjwa wa namna hiyo.

Kwetu huku mashine ni chache. Corona ilipotangazwa nchini tarehe 5 Aprili 2020, ilielezwa kwamba Sudan Kusini nzima, nchi ya watu kama milioni 11, ilikuwa na mashine 4 tu za kupumulia. Kwa hiyo wengi wa wagonjwa wetu mahututi hulala wodi ya kawaida, na dripu, na oksijeni ikiwepo, na mama au dada amekaa chini kando ya kitanda anapepea. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya mapafu, kipindupindu, kifafa cha mimba, risasi, ajali ya bodaboda: wote hao tunawahesabu. Kama alifika mahali ambapo hakujua ni mchana au usiku, akalala siku nyingi hajitambui, basi makala hii inamhusu, hata kama hakuona mashine yoyote.

Kwanza, mwili

Mtu mahututi anapolala, mwili unakula misuli yake wenyewe. Madaktari wa Uingereza walipima msuli wa paja wa wagonjwa wa namna hii, wakatoa majibu mwaka 2013: ndani ya siku 10 tu msuli ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Siku kumi, jamani! Sasa fikiria aliyelala wiki nne.

Huko Toronto, Canada, waliwafuatilia watu 109 ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa kabisa, wakapona. Majibu ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mzima waliokuwa wamerudi kazini hawakufika nusu, na kilio chao kikubwa kilikuwa udhaifu wa mwili. Mwaka 2011 wakatoa majibu ya miaka mitano: wengi walikuwa wamerudi kazini, lakini wakitembea dakika sita walikuwa bado wanafika kama robo tatu tu ya umbali ambao ungetegemewa kwa mtu wa umri wao. Na hao ni watu wenye kitanda kizuri na chakula cha kutosha, hawabebi maji kichwani.

Kwa hiyo ukiona baba anatetemeka akibeba jerikani nusu, au mama anapumzika mara tatu akienda kwenye foleni ya chakula, usimcheke. Nywele nazo zinaweza kunyonyoka miezi miwili mitatu baada ya ugonjwa, halafu huwa zinaota tena. Aliyewekewa mpira kooni anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza, na maji yanaweza kumpalia.

Wazee wetu waliopita Kenya wanakumbuka hospitali ya Lopiding kule Lokichoggio. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa uliifungua mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, na mwaka 2006 ukaikabidhi kwa serikali ya Kenya. Pale mtu hakufanyiwa upasuaji tu halafu akaachwa. Kulikuwa na karakana ya miguu ya bandia, na mazoezi ya kusimama na kutembea. Hapa Juba pia kuna kituo cha viungo ambacho Msalaba Mwekundu umekisaidia kwa miaka mingi. Hao watu walijua zamani kwamba kumwokoa mtu ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kumrudisha kwenye maisha yake.

Pili, kichwa na moyo

Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Mgonjwa mahututi mara nyingi anaweweseka. Anaona vitu ambavyo havipo. Nesi anayekuja na sindano anaweza kumwona kama mtu aliyekuja kumuua. Ubaya ni kwamba akipona, picha hizo zinabaki kama kumbukumbu za kweli, wakati mambo yaliyotokea kweli hayakumbuki. Kwa sisi tuliokimbia vita ndo inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu picha za wodini zinachanganyika na picha za njiani. Mtu anaamka usiku anapiga kelele kwamba askari wamemfunga mikono, kumbe ni ile kamba ya dripu.

Mwaka 2013 madaktari wa Nashville, Marekani, walitoa majibu ya wagonjwa waliotoka ICU. Baada ya miezi mitatu, watu 4 kati ya 10 walipojaribiwa kumbukumbu na kufikiri walikuwa sawa na mtu aliyeumia kichwa kiasi. Baada ya mwaka bado walikuwa kama 1 kati ya 3. Na hawakuwa wazee tu, hata vijana walikuwemo.

Ndiyo maana mwaka 2010 wataalamu walikutana huko Marekani wakakubaliana kuyapa mambo haya jina moja, ili yasiendelee kuonekana kama vituko vya mtu mmoja mmoja. Walisema yapo matatu yanayotembea pamoja: udhaifu wa mwili, kichwa kuwa kizito, na moyo kujaa hofu na huzuni. Wakaongeza jambo moja muhimu: hata ndugu aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuugua moyo. Mama aliyelala sakafuni siku ishirini akimwangalia mwanawe, naye ni wa kuangaliwa.

Tatu, watoto wetu wa shule

Hapa tunasema kama walimu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, walifuatiliwa watoto wa miaka 5 hadi 12 waliokuwa wamepata malaria ya kichwani. Majibu ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili, mtoto 1 kati ya 4 bado alikuwa na shida ya kufikiri, kukumbuka au kutulia kwenye kazi. Kwa watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuugua, wenye shida hiyo hawakufika 1 kati ya 10.

Sasa tazameni darasa letu lenye watoto wengi kuliko madawati. Mtoto amerudi baada ya miezi miwili, alikuwa wa tatu, sasa ni wa mwisho. Nyumbani anapigwa kwa sababu amekuwa mjinga. Shuleni anachekwa. Mzazi, tunakuomba, kabla hujachukua fimbo, njoo utuambie mtoto alilazwa kwa nini na siku ngapi. Tukijua, tutamweka mbele, tutampa kazi fupi fupi, tutarudia. Akianza kutetemeka au kukodoa macho kama mwenye kifafa, mpeleke kliniki, kwa sababu hilo nalo linaweza kuja baada ya malaria ya namna hiyo, na lina dawa.

Kwa wale wadogo wa chini ya miaka mitano kuna onyo kubwa zaidi. Huko Mbarara, Uganda, waliwafuatilia watoto 1,307 waliolazwa kwa maambukizi makali. Waliokufa hospitalini walikuwa 65. Waliokufa ndani ya miezi sita baada ya kuruhusiwa walikuwa 61, na wengi wao walikufia nje ya hospitali. Yaani vifo vya baada ya kuruhusiwa vilikaribia kulingana na vya wodini. Majibu hayo yalitoka mwaka 2015. Kwa hiyo tarehe ya kurudi kliniki iliyoandikwa kwenye karatasi msiichezee, hata mtoto akionekana anacheza.

Daftari la siku zilizopotea

Kuna kitu kimoja rahisi ambacho hata sisi wa kambini tunakiweza. Manesi wa nchi za Denmark, Norway na Sweden walianza kumwandikia mgonjwa mahututi daftari. Kila siku wanaandika maneno machache: leo ulikuwa na homa, leo dada yako alikuja, leo ulifungua macho. Akipona anapewa daftari lake, anajua siku zake zilikwenda wapi. Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya wa mwaka 2010 uliwapima wagonjwa 352. Kati ya wale ambao hawakupewa daftari mapema, kama 13 kwa kila 100 walipata ugonjwa mpya wa hofu na ndoto mbaya. Waliopewa daftari walikuwa 5 tu kwa kila 100.

Daftari la mazoezi la kurasa 32 linatosha. Kama mgonjwa wenu bado yuko mjini, anayemwangalia aandike. Kama ameshatoka, kaeni pamoja chini ya rakuba jioni, mkumbushane, mmoja aandike. Siku gani alianza kuumwa, nani alimbeba, gari gani liliwachukua, alisema nini alipozinduka mara ya kwanza. Kama nyumbani hakuna anayejua kuandika, mleteni mtoto wa darasa la tano au njooni kwetu baada ya vipindi. Tutaandika kwa Kiswahili, kwa Kiarabu au kwa Kiingereza. Msimlazimishe mgonjwa kusoma. Akitaka mwenyewe, mpeni.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Kabla ya kutoka hospitali ulizeni maswali matatu: alikuwa na ugonjwa gani, dawa zipi anaendelea nazo na hadi lini, na dalili gani zikitokea turudi. Karatasi yote wekeni kwenye mfuko wa nailoni, isinyeshewe.

2. Mazoezi kidogo kidogo kila siku. Wiki ya kwanza akae kitandani mwenyewe, asimame akishikwa, aende chooni na mtu. Halafu hesabuni hatua: leo hadi mlango wa jirani, kesho kutwa hadi mti. Akichoka apumzike, lakini asilale siku nzima.

3. Chakula kidogo mara nyingi. Maharage, karanga, samaki mkavu, yai likipatikana, mboga za majani. Misuli inajengwa na vyakula kama hivyo. Uji mtupu hautoshi. Kama kinapalia, akae wima anapokula.

4. Mchana awe nje kwenye mwanga, usiku kuwe kimya na giza. Hiyo inasaidia usingizi urudi mahali pake.

5. Mpeni kazi ndogo ya heshima. Kuchambua maharage, kuwasikiliza watoto wakisoma, kutunza kadi ya chakula. Mtu asiye na kazi kabisa anaona amekuwa mzigo.

6. Wahini kliniki mkiona haya: homa imerudi, pumzi inabana, degedege, kidonda kinatoa usaha au harufu, mguu mmoja umevimba na unauma, hawezi kunywa, au anasema heri angekufa. Neno hilo la mwisho msilichukulie kama mchezo, wala msimwache peke yake.

Maswali mliyotuletea

Mama mmoja anauliza: "Mume wangu ana miezi minne tangu atoke hospitali. Shemeji zangu wanasema anajifanya, na mimi nimechoka. Nifanye nini?" Mama, pole sana. Miezi minne kwa aliyekuwa mahututi bado ni mapema. Waite shemeji zako, na mzee mmoja wanayemheshimu, uwasomee Kona hii. Halafu uwagawie kazi kwa majina: huyu maji siku ya Jumanne, yule kuni siku ya Ijumaa. Anayesema ndugu yake anajifanya, abebe jerikani mbili wakati tunasubiri. Na mambo ya mume na mke yakichelewa kurudi, usidhani amekuchukia, nayo hufuata nguvu ya mwili. Wewe mwenyewe lala mchana hata saa moja, hiyo sio dhambi.

Binti wa darasa la sita anauliza: "Mimi ndiye ninayemwangalia mama. Nimekosa shule tangu muhula uanze. Naweza kurudi?" Binti yetu, ndiyo, rudi. Tumeshaongea na majirani wa upande wenu. Mama mmoja atakaa na mama yako asubuhi, wewe utakuja vipindi vya kabla ya saa sita, mchana unarudi nyumbani. Kazi uliyokosa tutakupa kidogo kidogo. Tunawaomba viongozi wa mitaa mingine nao waangalie kama kuna watoto wa namna hii kwao. Kila nyumba yenye mgonjwa, ulizeni ni nani anayekosa shule kwa ajili yake.

Mfano wa Beni na Butembo

Ndugu zetu waliotoka Kivu ya Kaskazini wanakumbuka Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Zaidi ya elfu moja walipona. Waliporudi vijijini wengine walikimbiwa na ndugu zao wenyewe. Viungo viliwauma, wengine macho yalisumbua, wengine moyo ulikuwa mzito. Walikuwa na kliniki ya kuwafuatilia baada ya kupona. Na tena baadhi yao walipewa kazi ambayo watu wengine hawakuweza kuifanya: kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya kituo cha matibabu. Kwa kuwa walikuwa wameshaugua, walikuwa na kinga, kwa hiyo waliweza kuwakumbatia wale watoto ambao wengine waliogopa kuwagusa. Watu wale wale waliokimbiwa ndo wakawa wanategemewa.

Nasi hapa kambini tunao watu waliorudi kutoka mahututi. Wengine mnawajua. Tunawaomba wiki hii kila familia imtembelee mmoja, iende na kitu kidogo, hata kikombe cha karanga, na imuulize anaendeleaje, halafu ikae isikilize jibu.

Daftari tupu tunazo chache shuleni, tutazitoa kwanza kwa familia ambazo mgonjwa wao bado yuko mjini. Njooni Jumatatu au Alhamisi baada ya vipindi. Maswali ya mwezi ujao mwape watoto wenu waje nayo darasani, kwenye karatasi iliyokunjwa, bila jina kama mnaona aibu.

Tunawatakia mwezi mwema.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, Gorom, Juba.